Kingo za MDF zimeota manyoya: nibandue rangi yote au kuna namna ya kuokoa?

*"Nimejitengenezea stendi ya TV kwa MDF (bodi ya nyuzi za mbao) ya milimita 18 hapa nyumbani Sakina, Arusha. Ina urefu wa mita moja na nusu, kimo sentimita 50 na kina sentimita 40. Bodi nilikatiwa dukani, nikaunga mwenyewe kwa skrubu na gundi nyeupe ya mbao. Matundu ya skrubu nikaziba kwa puti ya ukutani, halafu nikapiga mikono mitatu ya rangi nyeupe ya maji iliyobaki tulipopaka sebule. Juu pametoka vizuri, lakini kingo zimeota manyoya kama blanketi, na kila penye skrubu panaonekana kiduara. Nikaongeza mkono wa rangi ya mafuta nikidhani itafunika: ubapa unang'aa, kingo zimefifia na zinakwaruza vilevile. Muuza rangi anasema nilipaswa kuanza na praima, yaani rangi ya msingi. Jirani yangu seremala anasema ningepaka tu gundi iliyochanganywa na maji. Je, nibandue yote nianze upya? Praima ni lazima kweli au ni biashara ya watu? Na nikiipeleka ikapulizwe kwa mashine, si tatizo litaisha?"*

Pole na kazi. Usiibandue. Kilichoharibika ni kingo na matundu ya skrubu, na sehemu hizo zote ukizijumlisha ni kipande kidogo cha stendi nzima. Ubapa uliotoka vizuri tutaupima, ukifaulu unabaki ulivyo.

Chukua kipande cha MDF kilichobaki ulipokatiwa, ukisimamishe penye mwanga ukitazame kwa upande. Utaona milimita moja au mbili za nje, juu na chini, zimekolea rangi na zina mng'ao kidogo, lakini katikati pamepauka na pana vinyweleo. Sukuma ukucha pale nje: hauingii. Sukuma katikati: unaacha alama. Bodi hii hutengenezwa kwa nyuzi za mbao zilizosagwa laini, zikachanganywa na gundi ya resini, kisha zikakandamizwa kati ya sahani mbili za moto. Penye kugusana na sahani nyuzi hushikana sana, katikati hushikana kidogo. Kwa hiyo ulipokwenda dukani ukanunua bodi moja, ulirudi nyumbani na vitu viwili: ngozi ngumu isiyonywa kitu, na nyama laini inayonywa kila kitu. Msumeno ndio unaoifungua hiyo nyama.

Sasa tazama kinachotokea brashi ikipita ukingoni. Rangi yoyote ina unga unaoleta rangi yenyewe, gundi inayoushika unga huo, na kimiminika kinachovifanya vipakike. Kwenye ukingo uliokatwa, kimiminika na gundi huvutwa ndani kati ya nyuzi, na unga unabaki juu bila cha kuushika. Ndiyo maana rangi ileile ya mafuta inang'aa kwenye ubapa na kufifia kama chaki kwenye ukingo. Ukiongeza mkono wa nne au wa tano unapoteza rangi tu, maana juu ya manyoya rangi hufuata manyoya.

Manyoya yenyewe yameletwa na maji. Nyuzi zile zilibanwa kwa nguvu kiwandani. Maji yakizifikia hujaa, hunyooka na kusimama, na zikikauka hazirudi zilivyokuwa. Sehemu kubwa ya rangi ya maji ya ukutani ni maji, na wewe umepiga mikono mitatu, maana yake kingo umezinywesha mara tatu. Ubapa haukudhurika kwa sababu ngozi yake ilizuia.

Vile viduara kwenye skrubu vina sababu mbili, na kwa kawaida zote huwapo pamoja. Kwanza, kichwa cha skrubu kikilazimishwa kuzama bila kuchimbiwa kishimo chenye umbo lake, nyuzi hupanda pembeni na kufanya kakilima kadogo usichokiona mpaka rangi ya kung'aa ipite juu. Pili, puti ya ukutani ina maji pia: inavimbisha mdomo wa tundu, halafu yenyewe ikikauka inanywea na kuacha bonde. Kilima pembeni, bonde katikati, hicho ndicho kiduara chako. Kwenye ukuta wa plasta puti hiyo inafaa kabisa. Kwenye fanicha haifai, na kwenye pembe itabanduka mara ya kwanza mtoto atakapogonga na kigari chake.

Kuhusu praima, muuza rangi hakukudanganya, ila hakumaliza maneno. Si kila praima. Ile ya maji ya ukutani ingekuletea manyoya haya haya. Unayohitaji ni praima ya mbao ya mafuta au andakoti (rangi inayotangulia rangi ya juu) ya mafuta, ile inayopunguzwa kwa tapentaini. Haina maji, kwa hiyo haiamshi nyuzi kwa kiasi hicho. Inaziba vinyweleo ili rangi ya juu ibaki juu. Na jambo ambalo wengi hawalijui: inakausha yale manyoya machache yanayobaki yakawa magumu kama bua, na hapo ndipo msasa unaweza kuyakata. Manyoya mabichi hulala msasa ukipita, kisha yakasimama tena. Ukiniuliza praima ni ya nini kwenye MDF, hilo la mwisho nitalitaja la kwanza.

Jirani yako naye ana hoja. Gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kweli inaziba kingo na ni rahisi kupatikana. Ubaya wake ni kwamba unaanza kwa kumwaga maji mahali pasipotaka maji, na ikikauka inabaki na ulaini wa plastiki: ukipiga msasa inapata joto, inajiviringa na kuujaza msasa badala ya kugeuka unga. Kwa shelfu la stoo lisilotazamwa na mtu, sawa. Kwa stendi itakayokaa sebuleni chini ya mwanga wa TV, mimi nisingeitumia. Kwa kazi mpya kabisa kuna kitu bora, sandingi sila, ile ambayo maseremala huitanguliza kabla ya vanishi. Mikono miwili myembamba kwenye kingo pekee, msasa namba 240 katikati, ndani ya saa moja au mbili umeshaendelea. Lakini wewe usiitumie sasa. Sila hiyo ina thina kali, na ikigusa rangi yako ya mafuta ambayo bado changa itaikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka.

Hilo ndilo jibu pia la mashine ya kupuliza. Rangi nyingi zinazopulizwa karakana za fanicha ni za jamii hiyohiyo ya thina kali. Zikipita juu ya rangi ya mafuta, hasa isiyokomaa, huinyanyua. Fundi akikubali kupuliza bila kukuuliza chini kuna nini, chukua mzigo wako uondoke. Isitoshe, kupuliza hakufichi kitu. Tabaka la rangi iliyopulizwa ni jembamba na sawasawa, kwa hiyo kila unyoya na kila kiduara kitaonekana vizuri kuliko sasa. Mashine inapendezesha kazi iliyokwisha kuandaliwa. Na zile rangi za magari za kuchanganya na hadina (dawa ya kugandisha) usizipulize nyumbani kamwe, hata uani. Nyingi zina kemikali ziitwazo isosayaneti, zinazoweza kukuachia pumu ya kudumu, na barakoa za kawaida hazizizuii.

Tuje kwenye kuokoa. Anza na kipimo. Mahali pasipoonekana sana kwenye ubapa, kwa wembe mpya chora mistari sita iliyo karibu, kisha sita mingine ya kuikatiza, upate miraba midogo. Bandika selotepu imara, ikandamize kwa kidole, ivute ghafla. Ikija tupu au na vipande viwili vitatu vya pembeni, rangi imeshika, iache. Ikija na miraba mizima mizima, ubapa nao unahitaji kukwanguliwa mpaka chini, kwa skrepa na msasa mkavu namba 100. Usitumie dawa ya kubandulia rangi inayooshwa kwa maji, wala moto.

Kisha chimbua puti yote ya ukutani kwenye matundu. Usiionee huruma kwa kuwa imekauka ngumu. Hakikisha kila kichwa cha skrubu kimezama kama milimita mbili chini ya uso. Kisichozama kitoe, chimbia kwa biti ya kuzamisha kichwa, ukirudishe. Vile vilima vya pembeni vikate kwa patasi kali iliyolazwa, au msasa namba 120 uliofungwa kwenye kipande cha mbao bapa. Msasa ulioshikwa kwa vidole unafuata kilima na bonde, kipande cha mbao hakifuati.

Kingo zipige msasa namba 120, pia kwenye kipande cha mbao, mpaka uondoe rangi na manyoya yote na kufika kwenye MDF iliyoshikana. Utajua umefika pale vumbi linapobadilika kutoka vinyuzi vyeupe kuwa unga wa rangi ya kahawia. Rudi nyuma kwenye ubapa kama sentimita moja ili puti na rangi mpya zipate pa kuungana. Malizia na namba 180. Pembe kali zivunje ziwe na mviringo mdogo wa kama milimita mbili. Si mapambo hayo. Rangi ikiwa mbichi hujivuta na kuikimbia pembe kali, pale juu kabisa ikabaki utando tu, na ndipo huanza kumenyeka.

Puti ya kuzibia iwe ile ya mafundi wa bodi za magari, yenye hadina kwenye tyubu yake. Haina maji, hainywei, na msasa unaikata vizuri. Kwa puti ya ukubwa wa yai, hadina ya ukubwa wa punje ya haragwe inatosha. Changanya kwenye kipande cha bati au plastiki mpaka isibaki mistari ya rangi mbili, na changanya kidogo kidogo, maana una dakika kama tano tu kabla haijaanza kuwa jiwe. Asubuhi ya baridi itachelewa. Isubiri, usiongeze hadina, kwani ikizidi inaweza kutokeza doa juu ya rangi nyeupe wiki kadhaa baadaye. Kwenye matundu ijaze ipande juu kidogo. Kwenye kingo ivute kwa mwiko mwembamba kwa kukwangua, ibaki ndani ya vinyweleo tu na si juu yake. Baada ya nusu saa au zaidi, ikiwa kavu kabisa, piga msasa 120, halafu 180. Zima taa, washa tochi ya simu, ilaze karibu na ubao ili mwanga upite kwa mshazari. Kasoro zote zitaweka kivuli. Ziba, rudia.

Kisha futa vumbi kwa brashi kavu na kitambaa kilicholoweshwa tapentaini kidogo, si maji. Piga msasa 180 mwepesi kwenye ubapa wote ili kuua mng'ao, maana rangi mpya haishiki kioo.

Andakoti ya mkono wa kwanza kwenye kingo ipunguze kwa tapentaini, kama mililita 100 kwa lita, ipate kuzama. Kwenye ubapa isipunguzwe. Tumia rola ndogo ya sponji ya inchi nne kwa ubapa na brashi ya inchi moja na nusu kwa pembe za ndani. Ikikauka, pitisha kiganja: itakwaruza kama shavu la mwanamume aliyenyoa jana. Hayo ndiyo manyoya yaliyogandishwa. Msasa 240, mwepesi, mpaka mkono uteleze. Vishimo vidogo vitakavyojitokeza sasa unaweza kuviziba hata kwa puti laini ya kawaida ya mbao, kwa kuwa nyuzi zimeshafungwa. Piga andakoti ya pili, msasa 240 tena, halafu rangi ya juu mikono miwili, katikati yake msasa 320.

Kwa vipimo vyako, ukipaka ndani, nje, chini na mgongoni, eneo ni kama mita 5 za mraba. Lita moja ya andakoti hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo lita moja inatosha mikono miwili bila kubakiza, na lita moja ya rangi ya juu vivyo hivyo. Msasa nunua karatasi mbili mbili za 120, 180 na 240, na moja ya 320. Ninasisitiza chini na mgongoni kwa sababu bodi iliyozibwa upande mmoja hupokea unyevu upande wa pili pekee, na taratibu hupinda.

Rangi ya juu nitakupa uchaguzi wa kweli. Rangi ya mafuta, ya kung'aa au ya nusu mng'ao, ni ngumu, inafutika na inapatikana kila mahali. Nusu mng'ao inasamehe kasoro zaidi. Ubaya wake, nyeupe ya mafuta hugeuka manjano mahali pasipopata mwanga, kama ndani ya vidroo na nyuma ya milango. Ukichagua rangi ya maziwa au kijivu hutaona mabadiliko hayo. Ipo pia rangi ngumu ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao na chuma. Juu ya andakoti ya mafuta iliyokauka vizuri na kupigwa msasa inakaa salama, na weupe wake unadumu. Ile iliyobaki mlipopaka sebule iache ya ukuta. Hata ikikauka inabaki na unato, na kitu kizito kikikaa juu yake mwezi mzima kitaondoka na ngozi.

Subira ya kukausha ndipo wakazi wa Arusha hushindwa. Rangi ya mafuta haikauki kwa kuvukiza tapentaini peke yake. Inakomaa kwa kufyonza oksijeni, na baridi hupunguza kasi ya kazi hiyo. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukungu wa Juni na Julai unaujua. Kopo likisema saa 16 kati ya mkono na mkono, wewe weka siku mbili nzima. Mwenzio wa Moshi, aliye chini ya mita 1,000, Januari atamaliza kazi hiyohiyo kwa nusu ya muda, lakini yeye atapambana na rangi inayoshika kabla rola haijarudi. Anza saa nne asubuhi ukungu ukiisha, na usipake baada ya saa tisa alasiri, umande usije ukaikuta rangi mbichi na kuifubaza. Kiangazi, kabla ya kupaka, mwagia maji sakafu ya uani saa moja kabla ili vumbi litulie. Rangi ikikauka kwa kugusa, TV usiiweke bado. Wiki mbili ni za chini, baridi ikizidi fanya nne.

Vumbi la MDF ni laini kuliko la mbao ya kawaida na linakaa hewani muda mrefu. Shirika la utafiti wa saratani la WHO (Shirika la Afya Duniani) limeliweka vumbi la mbao, na pia formaldehidi inayotumika kwenye gundi ya bodi nyingi za aina hii, katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Hilo halimaanishi stendi moja itakudhuru. Linamaanisha piga msasa nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, vaa barakoa ya N95 na si kitambaa, na watoto wakae mbali mpaka ufagie kwa kitambaa chenye unyevu. Vipande vilivyobaki visiingie jikoni kuwashia mkaa. Moshi wa ile resini si wa kuivishia chakula.

Kuna mambo ambayo hayasubiri brashi. Kama miguu au bodi ya chini imeshavimba, pima unene wake: ikizidi milimita 19 au 20 mahali palipokuwa 18, au ikibonyea ukucha, msasa hautaisaidia. Kipande hicho kikatwe au kibadilishwe, na hapo mwite huyo jirani yako seremala, kazi ya msumeno aijue yeye. Mwite pia kama skrubu za ukingoni zimepasua bodi katikati kama kitabu kilichofunguka. Safari nyingine toboa kwanza kwa biti ya milimita tatu kwa skrubu ya milimita nne, na usikaribie pembe kwa chini ya sentimita tano. Na ukipata kifua kubana, kukohoa kusikoisha au vipele mikononi baada ya kupiga msasa, simamisha kazi uende hospitali, uwaambie umeshika nini.

Mwisho, igeuze juu chini kabla hujaiingiza sebuleni, uifungie vikanyagio vya plastiki vya sentimita mbili kila pembe. Nyumba zetu hudekiwa kila asubuhi, na ukingo wa chini uliolala sakafuni utakunywa maji ya deki hata uupake mikono kumi.